Nani ameshika mashine inayopiga picha ubongo wako?

Kuna karatasi ya kisayansi iliyotoka Nairobi mwaka 1934 na naona kila msee wa Thika, Juja na Ruiru angefaa kuisikia walau mara moja maishani. Inaitwa "The Brain of the Kenya Native". Ilichapishwa Uingereza, kwa jarida la anatomia linaloheshimika mpaka leo. Si gazeti la udaku, si barua ya mlowezi mlevi. Ni sayansi kamili, na majedwali yake na hesabu zake.

Aliyeiandika ni F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia kwa maabara ya serikali ya kikoloni pale Nairobi. Alichukua bongo 100 za wanaume Waafrika waliokufa. (Ndiyo, bongo ni wingi wa ubongo, si jina la Tanzania tu.) Akazipima uzito moja moja. Halafu akakata vipande vyembamba sana vya gamba la ubongo, ile tishu ya juu iliyojikunjakunja, akaviweka chini ya hadubini na kupima unene wa kila tabaka la seli. Alipomaliza akaandika kwamba wastani wa uzito ni gramu 1276, na wa Mzungu ni 1428. Na kwamba gamba letu ni jembamba kuliko lao kwa karibu asilimia 15.

Watu 100. Hatuwajui kwa majina. Huenda mmoja alikuwa guka wa mtu anayesoma hii saa hii akiwa kwa mat, amekwama pale Githurai.

Sasa angalia mchezo ulivyochezwa. Nambari za Wazungu Vint alizitoa kwa vitabu. Hakuchukua bongo 100 za walowezi wa Muthaiga akazikata kwa kisu kilekile, akaziloweka kwa dawa ileile, akazipima kwa mizani ileile. Na ubongo si gunia la viazi. Uzito wake unabadilika kulingana na umri wa marehemu, ukubwa wa mwili wake, alikula nini utotoni, aliugua nini, alikaa saa ngapi kabla ya kupasuliwa, hata kama utando na maji yaliyo juu ya ubongo vilitolewa au vilipimwa pamoja. Tishu nayo hujikunja ukiiloweka kwa dawa, na inajikunja kwa kiasi tofauti kutegemea vile ulivyofanya. Mwaka 1970, mwanaanatomia wa Afrika Kusini, Phillip Tobias, alichukua tafiti za aina hii na kuzipanga mezani. Akaonyesha kwamba hakuna aliyekuwa amedhibiti mambo hayo yote, kwa hivyo huwezi kulinganisha rangi na rangi ukapata jibu la maana. Miaka thelathini na sita baadaye! Lakini ndani ya hiyo miaka thelathini na sita, ile karatasi ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Na ilifanya kazi kweli.

Pale hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alikuwepo daktari anaitwa H. L. Gordon. Mwaka 1933 yeye na wenzake walianzisha chama cha kuchunguza "kuboresha rangi" hapa Kenya. Huyu alipima vichwa vya Waafrika kwa wingi, akaenda London kuomba serikali ya Uingereza igharamie utafiti zaidi, na hoja yake ilikuwa kwamba kabla hamjawapa hawa watu elimu, kwanza tujue kama ubongo wao unaweza kuibeba. London ilikataa kutoa pesa. Nawapa hiyo alama moja.

Baada ya Gordon, Mathari ikaongozwa na J. C. Carothers. Mwaka 1951 huyu aliandika kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake imekatwa kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na kazi ya Vint ikiwa mojawapo ya ushahidi ndani yake. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, serikali ya Kenya ikamwita amchambue Mau Mau kisaikolojia. Ripoti yake ilichukua watu waliokuwa wanataka shamba lao na kuwafanya kesi ya akili iliyochanganyikiwa, na ikaunga mkono ule mpango wa kuwahamisha watu na kuwajaza kwa vijiji vilivyolindwa na askari.

Kama wewe ni wa Kiambu au Murang'a, muulize shosho yako kuhusu hivyo vijiji. Usiulize ukiwa na haraka.

Kwa hivyo mtu akiniambia mambo ya tishu na hadubini ni ya wasomi na hayahusu mtaa, mimi naona hayo mambo yalishaingia mtaani kitambo, yakabomoa nyumba za watu.

Lakini hapa ndipo mimi na wasee wengi wa mtandaoni tunaachana. Mtu akisikia hii stori, jibu la haraka ni, "Umeona? Sayansi ni ya Wazungu, ni ya kutudanganya, tuachane nayo turudi kwa mizizi." Nimeona vidio za hivyo zikipata maelfu ya laiki. Naelewa hasira. Sikubaliani na mwisho wake. Hadubini haikusema uongo. Hadubini ilionyesha seli. Uongo ulikuwa kwa swali: Vint alianza na rula ya Ulaya mkononi, akaweka watu wetu kando yake, akaandika tofauti kama upungufu. Na aliyekuja kuivunja hiyo kazi hakuivunja kwa maombi wala kwa nyimbo. Aliivunja kwa anatomia, kwa kujua tishu vizuri kuliko wao.

Tena tunao watu wetu waliokaa na hadubini wakauliza maswali yao wenyewe. John Maina, Mkenya, alianzia udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye akafundisha Johannesburg. Amejenga jina duniani kwa kuchunguza muundo wa tishu ya mapafu ya ndege: vile ndege anapata hewa ya kutosha kuruka wakati sisi tunatweta kwa ngazi ya ghorofa ya tatu. Si ubongo, najua. Nimemtaja kwa sababu hakuna mtu anamtaja.

Turudi kwa ubongo. Siku hizi huhitaji mtu afe ndiyo uone ndani ya kichwa chake. Kuna MRI. Wengi tunaisikia tu kama mashine ya pesa nyingi, kwa hivyo acha niseme inavyofanya kazi kwa lugha ya nyumbani. Mwili wako umejaa maji, na ndani ya maji kuna haidrojeni. Ukiingizwa kwa sumaku yenye nguvu, zile chembe za haidrojeni zinajipanga kama watoto wa gwaride. Mashine inazisukuma kwa mawimbi ya redio, zinayumba, halafu zikirudi kwa mstari zinatoa ishara yao. Tishu tofauti zinarudi kwa mwendo tofauti: mafuta kivyake, maji kivyake, sehemu ya kijivu ya ubongo kivyake na ile nyeupe kivyake. Kompyuta inakusanya hizo ishara na kuchora picha. Hakuna kisu wala miale ya eksirei.

Shida ni ile sumaku. Mashine za kawaida za hospitali ni tesla 1.5 au 3. Ili sumaku ifike hapo inatengenezwa kwa nyaya maalum zinazopozwa na heliamu ya maji, baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Ni tani za chuma, chumba chake maalum kilichozibwa mawimbi, umeme usiochezacheza, na fundi ambaye mara nyingi lazima atoke kwa kampuni. Sasa niambie hiyo unaiweka wapi kijijini.

Hapa ndipo naingiza jina ninalotaka mlikumbuke: Johnes Obungoloch. Mganda. Mhandisi wa vifaa vya tiba, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kule magharibi mwa Uganda. Shahada yake ya uzamivu aliifanyia Penn State, Marekani, na kile alichoenda kufanya huko ndicho kinanifanya nimheshimu. Hangekosa mada za kifahari kwenye mashine kubwa za wenyewe. Yeye akachagua tatizo la nyumbani: watoto wenye maji kichwani.

Mmewaona hao watoto. Kichwa kinakua kikubwa, macho yanaangalia chini, mama anafunikwa na maneno ya majirani kuhusu laana. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vya maji, na maji hayo yanatengenezwa na kutoka kila siku. Njia ikizibwa yanajaa, yanasukuma tishu ya ubongo ukutani mwa fuvu, na kwa sababu fuvu la mtoto mchanga bado halijafunga, kichwa kinapanuka.

Uganda ina historia ndefu na huu ugonjwa kwa sababu ya hospitali ya CURE pale Mbale, mashariki, si mbali na mpaka wetu. Daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alifanya kazi pale kuanzia mwaka 2000 na kitu akaona kuwa njia ya kawaida, ya kuweka mpira wa kutoa maji kutoka kichwani hadi tumboni, ina hatari kwa mtoto anayeishi mbali na hospitali. Mpira ukiziba usiku, nani atampeleka? Akaendeleza njia ya kupenya na kamera ndogo, kutoboa sakafu ya chumba cha maji ili maji yapate njia mpya, na kuunguza ile tishu inayoyatengeneza. Jambo la pili lililoonekana pale ni kwamba watoto wengi hawakuzaliwa hivyo. Walikuwa wameambukizwa na kitu katika wiki zao za kwanza. Mwaka 2020 kikundi cha watafiti wakiwemo Waganda na Steven Schiff, aliyekuwa Penn State, kilichapisha kwamba katika maji ya vichwa vya wengi wa hao watoto walikuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus. Bakteria ambaye vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa vinampita tu!

Umeona tofauti ya swali? Vint aliuliza, "Hawa wamepungukiwa na nini?" Hawa wakauliza, "Mtoto wa hapa anaumwa na nini, na atafikaje nyumbani salama?" Tishu ni ileile. Majibu ni dunia mbili.

Sasa, ili umpasue huyo mtoto lazima kwanza uone ndani. Mashine ya CT inaona, lakini inatumia miale, na mtoto wa miezi mitatu hutaki kumpiga miale mara tano. MRI haina miale lakini iko mbali na ni ghali. Wazo la Obungoloch na wenzake likawa hili: kujua maji yamejaa wapi, kwani unahitaji picha kali kiasi gani? Huhitaji kuona kila mshipa. Unahitaji kuona maji. Basi sumaku dhaifu inatosha. Mwaka 2018 alichapisha muundo wa mashine ya kwanza aliyokuwa ameifikiria kwa ajili ya hao watoto, iliyotengenezwa kwa makusudi iwe ya kudumu katika mazingira yetu.

Halafu ikaja ile ninayoipenda. Kule Leiden, Uholanzi, kikundi cha Andrew Webb kilikuwa kimebuni sumaku isiyohitaji heliamu wala umeme. Ni sumaku ndogo ndogo za kawaida za kudumu, nyingi sana, zinazopangwa kwa pete kwa mpangilio unaoitwa Halbach ili nguvu yote ikutane katikati. Nguvu yake ni militesla 50, yaani ile ya hospitali ya tesla 1.5 inaishinda mara thelathini. Mwaka 2022 vipande vyote na vifaa vya kufungia vilipakiwa kwa ndege kutoka Uholanzi hadi Uganda. Pale Mbarara wakaanza: kupima na kuchagua sumaku moja moja, kujaza pete, kupanga pete 23 na kurekebisha nafasi kati yake, kutengeneza koili, kuunda toroli la alumini la kuibebea, kuunganisha na vifaa vya umeme ambavyo michoro yake iko wazi kwa yeyote. Walikuwa wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwa na mafunzo yoyote ya hiyo kazi. Kuanzia mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza, zilipita takriban siku 11.

Siku kumi na moja, wasee. Kuna watu wamengoja kitambulisho pale Huduma Centre zaidi ya hapo.

Hao watu sita ndio wananikaa kichwani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na moja ya sababu ni kwamba kwa miaka miwili nilinakili michoro ya mashine ambazo sikuwahi kugusa hata bolti yake. Sisemi kila mtu aache. Nasema kuna mahali Afrika Mashariki ambapo mtu asiyejua kitu kuhusu MRI siku ya Jumatatu alikuwa ameunda MRI wiki iliyofuata, na mahali hapo si Boston. Ni Mbarara. Unapanda basi.

Najua mtaniambia nini, kwa hivyo tuyamalize hapa.

Kwanza, "Lakini vipande vilitoka Uholanzi." Kweli kabisa. Sumaku hazikuchimbwa Kigezi. Ila kuna tofauti kati ya kuletewa mashine iliyofungwa, na mkataba na nenosiri, na kuletewa vipande pamoja na mtu anayekuonyesha pete ya kwanza halafu anakuachia ya pili. Mashine uliyoifunga kwa mkono wako ikiharibika unajua pa kuanzia.

Hii naijua kwa uchungu kidogo. Binamu yangu ni mtu wa nduthi, stendi yake ni ya upande wa Makongeni. Aligongwa usiku, kofia ilikuwa imening'inia kwa mkono wa pikipiki kama kawaida yenu. Hospitali ya kwanza tuliyofika, sitaitaja, ilikuwa na mashine ya CT. Tuliiona. Ilikuwa na karatasi mlangoni. Kuna kipuri kilikuwa kinangojwa kutoka nje, na hakuna mtu katika jengo zima aliyeruhusiwa kufungua hata kifuniko. Tukaingia Thika Road na huyo kijana anatapika kiti cha nyuma, njia nane za lami safi, mashine ya kutazama kichwa chake iko nyuma yetu na imezimwa. Alipona, ashukuriwe Mungu na yule dereva. Lakini tangu siku hiyo nikiona mwanasiasa anakata utepe mbele ya mashine, swali langu la kwanza si bei. Ni nani ataifungua ikizimika.

Na nchi hii ilishafunzwa hilo somo kwa bei kubwa. Mwaka 2015 serikali ilianza ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47, mabilioni ya pesa. Seneti ilipouchunguza, na ripoti ikatoka 2020, ilikuta kuna mahali vifaa vilifika na vikakaa tu kwa sababu hakuna umeme wa kutosha, hakuna maji, au hakuna mtu aliyefunzwa kuvitumia. Tulikodi mashine. Hatukukodi ujuzi, kwa sababu ujuzi haukodishwi.

Pili, "Picha zake zina ukungu." Ndiyo, zina ukungu. Hiyo mashine haitachukua nafasi ya ile kubwa. Kama daktari anatafuta uvimbe mdogo wa milimita chache, apeleke mgonjwa kwa sumaku kubwa. Lakini mtoto wa Kakuzi ambaye anahitaji kujulikana tu kama maji yameongezeka tangu mwezi uliopita, kwani lazima alale foleni Nairobi na mama yake auze mbuzi? Picha yenye ukungu uliyopigwa leo ina faida kuliko picha safi utakayopigwa ukiwa umechelewa.

Tatu, na hii ndiyo ya kweli kuliko zote: "Vijana wanataka kazi, wewe unaleta sumaku." Mimi pia nataka kazi. Kutengeneza, kufunga, kurekebisha na kusoma picha za mashine kama hizi ni kazi. Hapo Juja JKUAT wanafundisha mekatroniki na uhandisi wa umeme. Kenyatta University wana uhandisi wa vifaa vya tiba. Thika imejaa viwanda na mafundi wa chuma ambao wanaweza kukunja alumini wakiwa wamefumba macho. Hatukosi mikono. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha hao watu kwa chumba kimoja kwa siku kumi na moja.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, na inaturudisha kwa Vint. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha chati za ukuaji wa ubongo wa binadamu, kama zile chati za kliniki za uzito wa mtoto. Walikusanya picha 123,984 za MRI kutoka kwa watu 101,457, tangu tumboni hadi miaka 100. Kazi kubwa, na ya heshima. Watafiti wenyewe walikiri kwamba picha nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Hawakuficha, na sidhani walikuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini fikiria: kesho daktari wa hapa anaweka picha ya ubongo wa mtoto wa Kiandutu kwa hiyo chati, na kompyuta inamwambia uko chini ya mstari. Mstari wa nani? Ni mtoto mgonjwa, au ni mtoto wa kawaida aliyewekwa kando ya rula ya ng'ambo tena?

Hakuna njia ya kujibu hilo kwa kulalamika mtandaoni, na mnajua napenda kulalamika mtandaoni. Rula inatengenezwa kwa kupima watu wengi, na huwezi kupima watu wengi na mashine chache za Nairobi ambazo foleni yake imejaa wagonjwa wenye pesa. Unahitaji mashine ndogo, za bei nafuu, nyingi, zinazoweza kusukumwa kwa toroli mpaka kliniki ya Gatundu. Na unahitaji ruhusa ya kweli ya wazazi, iliyoelezwa kwa lugha wanayoielewa, na picha zikae hapa, zisomwe hapa, na zikitoka zitoke kwa makubaliano. Wale 100 wa mwaka 1934 wako kwa jarida kama idadi tu. Mtoto wa Gatundu asiingie kwa chati hivyo.

Naskia kuna watu watasema Obungoloch ni mmoja, na mashine ni moja, napiga kelele kwa nini. Ni sawa. Lakini miaka yote ya shule nilifundishwa majina ya watu waliopanda milima yetu na kuipa majina yao, na sikuwahi kutajiwa Mwafrika Mashariki hata mmoja anayetengeneza kifaa cha kutazama ubongo. Nilimpata nikiwa natafuta kitu kingine kabisa saa nane usiku, bando ikikaribia kuisha.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na lina anwani. Wahadhiri wa Juja na Kahawa, ile ripoti ya Mbarara imechapishwa, hatua kwa hatua, pete kwa pete. Isomeni na wanafunzi muhula huu, badala ya ule mchoro wa 1998 mnaonakilisha. Muandikieni Mbarara, muulize kama watu sita wanaweza kutumwa kujifunza. Serikali ya kaunti ya Kiambu, kabla hamjatia sahihi mkataba mwingine wa vifaa, wekeni sharti moja: vijana wetu wawepo wakati inafungwa, na wapewe funguo na michoro. Na wewe uliyemaliza mekatroniki na sasa unauza simu kwa kibanda pale stage ya Thika, bisibisi unazo tayari. Nauli ya Mbarara tutaichanga.